Kamera na Mkono Unaoishika

Kila ufikapo msimu wa ufuta, vijana wetu wa Ruangwa na Nachingwea hupata fedha kidogo mkononi, na kila mmoja huwa na shauri lake. Huyu hununua bati, yule hununua pikipiki, na siku hizi hakosi mmoja au wawili wanaokuja kutuuliza habari za kamera za zamani, zile za kutia filamu. Wengine hawana hata haja ya kununua: kamera wameikuta katika sanduku la baba au la baba mdogo, imeviringwa kitambaa, wala hawajui waanzie wapi kuishika. Sisi huulizwa kwa sababu katika miaka ya 1990, pamoja na kusomesha chuo, tulikuwa tukipiga picha za maulidi, za harusi na za vitambulisho, Namungo na vijiji vya jirani, tukipata humo fedha za sabuni na mafuta ya taa. Kamera za namna nyingi zimepita mikononi mwetu, hii ya kununua, hii ya kuazima, na kila moja ilitufundisha jambo.

Vijana huuliza: Kamera ipi hutoa picha safi zaidi? Swali hilo si baya, lakini silo la kwanza. Kamera hizi zilizotoka Japani, Ujerumani na Urusi zote hutumia filamu moja, ya upana wa milimita 35, na kipande cha picha katika zote ni milimita 24 kwa 36. Ukitia filamu ile ile, na ukapima mwanga sawasawa, watu wa nyumbani hawataweza kukwambia picha hii ilitoka katika kamera ipi. Palipo na tofauti kubwa ni mkononi. Iko kamera ambayo vidole hujua njia zake hata gizani, na iko ambayo hukulazimisha kuitoa usoni kila mara ili uitafute sehemu unayoitaka. Na huku unatafuta, yule uliyekuja kumpiga picha amekwisha inuka.

Jambo hili twalisema kwa uchungu kidogo. Picha za kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO, iliyokuwa hapa Nachingwea hata Msumbiji ikapata uhuru mwaka 1975, zimo katika vitabu vya historia. Lakini ukitafuta picha za walimu waliosomesha Kurani katika vyuo vyetu miaka hiyo hiyo, utapata chache mno. Mwalimu aliyetufundisha sisi alifu na be, picha yake iliyobakia ni moja tu. Alikuwa mzee asiyependa kukalishwa. Alikubali siku moja, baada ya khitima, akaketi juu ya mkeka nje ya nyumba. Mpiga picha aliyeitwa alikuwa na kamera nzito asiyoizoea, akawa anaigeuza huku na huku kutafuta namba, mara anapima, mara anarekebisha, mara anapima tena. Mzee akasema, "Basi wanangu, jua kali," akanyanyuka. Hapo ndipo kamera ikalia. Tulichonacho leo ni kanzu nyeupe, bega la kushoto na nusu ya ndevu, na wajukuu zake wameiweka ukutani hivyo hivyo.

Twajua kwamba miongoni mwa wasomaji wetu wako wasiopenda picha ya kiumbe chenye roho itundikwe ukutani, na wanazuoni wamehitilafiana katika jambo hili tangu kamera ilipoenea. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyepata kuwa Mufti wa Misri, aliandika risala ya kuihalalisha picha ya kamera, akaona kwamba huko si kuumba, bali ni kukizuia kivuli cha kitu ambacho Mwenyezi Mungu amekwisha kukiumba, mfano wa sura ionekanayo katika kioo. Wako wakubwa wengine walioikataa hoja hiyo. Kila nyumba ina mwalimu wake wa kumwuliza, wala sisi hapa hatutoi fatwa. Ila hata aliye mkali kabisa katika sisi, alipotaka kwenda Hija alipigwa picha ya pasipoti, naye alitamani itoke vizuri.

Na kioo hicho alichokitaja Sheikh ndicho kilicho moyo wa kamera tunazozizungumza. Asili ya kamera zote ni chumba cha giza chenye tundu dogo. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra kiasi cha mwaka 965 na kufariki Kairo kiasi cha mwaka 1040, alieleza habari za mwanga upitao katika tundu na kuingia mahali penye giza, na Kitabu chake cha al-Manazir kilisomwa hata Ulaya kwa karne nyingi. Kamera ni chumba hicho kilichopunguzwa mpaka kikaenea katika viganja viwili. Sasa, kamera nyingi ndogo za zamani zilikuwa na dirisha la kutazamia lililokaa pembeni, mbali na lenzi. Jicho likaona jambo moja na filamu ikaona jingine lililo jirani yake, ndipo watu wakatoka katika picha wamekatwa vichwa. Kamera ya kioo iliondoa udhia huo. Nyuma ya lenzi kimewekwa kioo kilicholala mshazari, nacho huirusha sura juu mpaka kwenye kipande kinene cha bilauri chenye pembe. Humo sura husimamishwa wima, kulia kukawa kulia na kushoto kukawa kushoto, kisha ikaletwa jichoni. Unachokiona ndicho ambacho lenzi inakiona. Ukibonyeza kitufe, kioo huruka juu, pazia hufunguka, mwanga huiangukia filamu, pazia hufunga, na kioo hurudi mahali pake, yote kwa kufumba na kufumbua.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kine Exakta, iliyotoka Dresden, Ujerumani, mwaka 1936, ni katika kamera za mwanzo za namna hii kwa filamu ya milimita 35. Mtu aliishika kifuani akaiinamia kutoka juu, na sura ndani yake ilikuwa imepinduka, mtoto akikimbia kwenda kulia akaonekana anakwenda kushoto. Tena wenzo wa kuvutia filamu na kitufe cha kupigia viliwekwa upande wa kushoto. Sisi tuliolelewa kula, kupokea na kuamkiana kwa mkono wa kulia, kamera hiyo ingetusumbua sana, na hata Wazungu wengi walihitaji siku kadhaa kuizoea. Mwaka 1949 ikatokea Dresden hiyo hiyo kamera ya Contax S yenye bilauri ya pembe, watu wakaweza kuinua uso na kutazama mbele. Lakini kioo kilikuwa kikiruka hukaa huko huko juu, dirisha likawa giza totoro mpaka uvute filamu tena. Kiwanda cha Asahi cha Japani kilitoa kamera yenye kioo kinachorudi chenyewe mwaka 1954, na mwaka 1957 kikatoa Asahi Pentax, iliyokuwa na wenzo chini ya kidole gumba cha mkono wa kulia, kitufe chini ya kidole cha shahada, na mkono wa kushoto ukaachiwa lenzi peke yake. Mpangilio huo ndio ulioenea, na mtu aliyeujua hakupotea sana aliposhika kamera ya kiwanda kingine.

Sifa kubwa ya kamera haizuii aibu ndogo. Nikon F ya mwaka 1959 ilichukuliwa na waandishi wa habari duniani kote, vitani na amanini, kwa ugumu wake. Lakini kitufe chake kilikaa nyuma mno, kidole cha shahada ikabidi kikunjwe kama cha mtu anayejikuna. Na ukitaka kutia filamu, mgongo wa kamera ulitoka wote pamoja na sehemu ya chini, ukawa huna pa kuuweka ila kwapani au menoni. Wenyewe waliliona hilo, maana katika Nikon F2 ya mwaka 1971 kitufe kilisogezwa mbele na mgongo ukatiwa bawaba.

Kamera ya kwanza tuliyoishika sisi ilikuwa Zenit-E, kazi ya Warusi wa Krasnogorsk, karibu na Moscow. Pamoja na lenzi yake inakaribia kilo moja, na ukiitundika shingoni kutwa nzima ya maulidi, jioni shingo itakusimulia. Namna ya kuitumia ni hivi. Kwanza hufungua tundu la lenzi mpaka mwisho ili dirisha lipate mwanga uone. Ukisha kulenga, hulifunga tundu kwa kuzungusha pete mpaka kwenye namba uliyoichagua, ndipo ubonyeze. Ukisahau kufunga, picha huungua kwa mwanga. Kipimo chake cha mwanga hakitaki betri, na hiyo ni fadhila kubwa, lakini hakikuunganishwa na kitu chochote: husoma sindano juu ya kamera, huzungusha duara, husoma namba, kisha huzihamisha kwa mkono mpaka mahali pake. Katika hesabu yetu ni kazi sita kwa picha moja, na nne katika hizo hufanywa kamera ikiwa imeondoka usoni. Kwa mlima, kwa mbuyu au kwa jengo la msikiti si tabu, kwani vitu hivyo havina haraka. Kwa mzee juu ya mkeka, wasomaji wamekwisha kusikia.

Zenit ina ajabu yake nyingine. Dirisha lake halionyeshi picha yote bali kiasi cha theluthi mbili tu, na kwa hiyo picha ikisha kusafishwa hutokea pembeni mambo ambayo hukuyaona: kandambili, kuku, jirani anayechungulia mlangoni. Wengine waliona ni kasoro. Sisi leo tukizitazama picha zile, huyo jirani aliyechungulia aghalabu ndiye tunayemkumbuka kwanza. Tena pazia lake haliendi polepole kuliko sehemu ya 30 ya sekunde, isipokuwa ukilishikilia kwa kidole, hivyo ndani ya nyumba baada ya Alasiri hufai nayo bila taa. Pamoja na yote hayo hatuidharau. Ni ngumu, fundi hodari huifungua na kuifunga, na uzito wake huutuliza mkono unaotetemeka.

Praktica za Dresden, za miaka ya 1970 na 1980, zina jambo moja ambalo twalipenda: kitufe chake hakiko juu, kiko mbele, mshazari, hata kidole hubonyeza kuelekea kwenye uso wa mpigaji wala si kuelekea chini. Kamera haitikisiki ovyo. Kwingine hazikutuvutia sana.

Lau kijana angetutaka tumchagulie moja bila ya maneno mengi, tungemwambia atafute Pentax K1000. Ilianza kutengenezwa mwaka 1976 ikaendelea hata mwaka 1997, na zilizotoka zilipita milioni tatu, kwa hiyo haikosekani katika masanduku. Kuna mambo matatu tu ya kuzungusha. Mwendo wa pazia uko juu, kwa gumba na kidole cha shahada cha kulia. Tundu na ulengaji viko kwenye lenzi, kwa mkono wa kushoto. Ndani ya dirisha, upande wa kulia, kuna sindano: ikikaa kati, mwanga umetosha, ikipanda umezidi, ikishuka umepungua. Mtoto wa darasa la tano hulifahamu hilo kwa kuelezwa mara moja. Betri yake ni ndogo kama kifungo cha shati, na kazi yake ni sindano tu. Ikifa, kamera huendelea kupiga kama kwamba hakuna msiba. Ila mtengenezaji hakutia swichi ya kuizima sindano. Dawa yake ni kuifunika lenzi kwa kifuniko chake kila umalizapo, kwani gizani sindano hulala na betri hupumzika. Twawakumba wengi walionunua betri kila mwezi kwa kutolijua jambo hilo dogo.

Wala hatusemi haina ila. Dirishani haikuonyeshi pazia liko kwenye mwendo gani, na ukitaka kujua ni lazima uitoe usoni. Sisi tulijizoeza kuhesabu milio: kutoka namba 125, mlio mmoja huku ni 250, mlio mmoja huku ni 60. Mwezi mmoja wa mazoezi bila filamu watosha. Tena haina saa ya kujipiga mwenyewe, na ndiyo sababu katika picha nyingi za jamaa zilizopigwa kwa kamera hiyo yuko mtu mmoja asiyeonekana kamwe, naye ni yule aliyeishika.

Canon AE-1 ilitoka mwaka huo huo wa 1976, na watu walioitazama zote mbili dukani waliipenda hiyo kwa wepesi wake. Wewe huchagua mwendo wa pazia, nayo hulichagua tundu yenyewe. Jicho halina kazi ila kutazama. Kwa mtu wa mjini ni kamera tamu. Lakini hata pazia lake laendeshwa kwa umeme, na betri yake ni ya volti 6, ya umbo lisilo la kawaida, ambayo hailali katika maduka yetu ya vijijini pamoja na chumvi na viberiti. Betri ikifa, AE-1 huwa jiwe. Hatuna ugomvi na kiwanda. Kiliwatengenezea watu walio na duka la kamera mtaa wa pili. Mtu wa Namungo ajihesabie umbali wake mwenyewe.

Sasa tuje kwa dada zetu, kwani hapa ndipo penye riziki ambayo wengi hawaioni. Katika harusi zetu wanawake hukaa upande wao, wamevua mabuibui, wamejipamba, na si adabu mwanamume asiye maharimu kuingia na kamera. Akipatikana binti wa nyumba za heshima anayejua kazi hiyo, ataitwa Ruangwa yote na Nachingwea yote. Kwa mkono mdogo twaisifu Olympus OM-1, iliyobuniwa na Mjapani Yoshihisa Maitani na kutoka mwaka 1972. Bila lenzi ni gramu 510 hivi, hali K1000 yapita gramu 600, na dirisha lake ni pana ajabu. Maitani aliuweka mwendo wa pazia kwenye pete inayoizunguka shingo ya lenzi, hivyo mkono wa kushoto hufanya yote, kulenga, tundu na mwendo, na wa kulia hubaki kushika na kubonyeza. Aliyezoea kamera nyingine huona kama amepewa nyumba isiyo na mlango. Aliyeanza kwa hiyo hataki tena nyingine. Nayo hupiga bila betri. Betri ya zebaki iliyokuwa ikiendesha sindano yake haitengenezwi tena, kwa hiyo huhitaji betri nyingine ya kuilingana, au ujifunze kuujua mwanga kwa macho, jambo ambalo kwa jua letu la kusini si gumu.

Juu ya picha hizo za wanawake liko neno la amana. Picha ya simu ikisha kutoka mkononi mwako huna uwezo nayo. Filamu ni ukanda mmoja, na mwenye harusi aweza kukabidhiwa ukanda wake pamoja na picha, ukafungiwa kabatini. Ila kuna yule anayesafisha filamu, ambaye lazima aione. Filamu ya rangi nyeusi na nyeupe binti aweza kuisafisha mwenyewe nyumbani, katika kopo lisilopitisha mwanga, kwa dawa ya kutokeza na dawa ya kuganda, kisha maji mengi. Vitabu husema dawa iwe na joto la digrii 20. Maji ya mtungini kwetu hupita hapo, na yakiwa ya moto dawa hukimbia, basi huna budi kuyapoza au kuupunguza muda kama karatasi ya dawa inavyoeleza. Filamu na dawa hazipatikani kila mji siku hizi; aulizie bei na mahali kabla ya kuinunua kamera, wala si baada yake.

Tumetaja mwanga, nasi twaomba wasomaji watuvumilie kidogo hapa, maana sindano ya kamera haikufundishwa kanzu. Iliyo ndani ya kamera hudhani kwamba kila kitu duniani, ukichanganya weupe na weusi wake, ni cha rangi ya kijivu. Ukiwaelekezea wanafunzi arobaini wa chuo waliovaa kanzu na kofia nyeupe, husema, "Mwanga ni mwingi," nawe ukiitii, kanzu hutoka za majivu na nyuso hutoka giza, macho hayaonekani. Kwa buibui jeusi ni kinyume chake. Dawa ni kuyaelekeza macho ya kamera kwenye majani mabichi yaliyo katika mwanga ule ule, ukapima hapo, kisha ukarudi kwa watu bila kubadilisha kitu. Au, kwa kanzu, ukalifungua tundu hatua moja au moja na nusu kuliko inavyotaka sindano. Na filamu ya kawaida huvumilia mwanga uliozidi kidogo kuliko uliopungua. Kamera inayofaa kwetu, basi, ni ile ambayo pete ya tundu huhesabika kwa kidole, mlio kwa mlio, jicho likiwa bado liko kwa watoto, kwani watoto arobaini hawatulii kwa muda wa hesabu.

Mkono wa kushoto husahauliwa katika mazungumzo haya, na wengi huuona kuwa ni wa kushikia tu. Mohamed Amin, mpiga picha wetu mashuhuri wa Afrika Mashariki, alizaliwa Nairobi mwaka 1943 akakulia Dar es Salaam, na huko akaanzisha kampuni yake ya Camerapix mwaka 1963. Mwislamu huyo ndiye aliyetoa kitabu cha picha za Hija mwaka 1978, na picha zake za sinema za njaa ya Uhabeshi mwaka 1984 ziliuamsha ulimwengu. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, akaupoteza mkono wa kushoto. Mtu aweza kusema, ahueni, wa kulia umebaki. Lakini wa kulia hubonyeza tu. Wa kushoto ndio unaobeba uzito wa lenzi kwa chini, unaolenga, na unaoituliza kamera. Alitengenezewa mkono wa bandia akarudi kazini, akaendelea hata alipofariki katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka karibu na visiwa vya Komoro, Novemba 1996. Kijana mwenye mikono miwili ajizoeze kuuweka wa kushoto chini ya lenzi, kiganja kikiangalia mbinguni kama cha mwenye kuomba dua, na kiwiko kikigusa mbavu. Wengi huishika lenzi kwa juu, kwa ncha za vidole, kisha wakailaumu kamera kwa picha zilizotikisika.

Wenye miwani na wenye kutazamia jicho la kushoto wana shida yao. Nikon FM2, iliyotoka mwaka 1982, ni kamera nzuri mno: pazia lake hufika sehemu ya 4,000 ya sekunde, na hupiga bila betri. Lakini wenzo wake lazima uvutwe nje kidogo ndipo kipimo cha mwanga kiamke na kitufe kifunguliwe, na wenzo uliovutwa humdunga kwenye paji la uso anayetumia jicho la kushoto, na huikwaruza miwani yake. Jambo hilo halitaandikwa katika tangazo lolote. Kijana ajue kwanza jicho lake: anyooshe mkono, aelekeze kidole kwenye mlingoti au mnazi macho yote mawili yakiwa wazi, kisha afumbe moja moja. Jicho ambalo kidole hakihami ndilo lake.

Baada ya mwaka 1985, Minolta ilipotoa kamera inayojilenga yenyewe, mambo yalibadilika. Canon T90 ya mwaka 1986 iliumbwa kwa mapinda ili ienee kiganjani, si sanduku tena, na kamera za leo zisizo na filamu zimerithi umbo hilo. Ni raha kuzishika. Lakini zote ni za betri, na zikiharibika ndani hakuna fundi wa kuzifungua.

Anayekwenda kununua asikubali kuitazama kamera kwenye meza. Aishike usoni, afumbe macho, atafute kitufe, wenzo, pete ya tundu na mwendo wa pazia. Akivipata vyote bila kuuliza, waendelee kuzungumza bei. Afungue mgongo bila filamu, aelekeze lenzi dirishani, apige kwa kila mwendo, aone kama tundu la mwanga lapungua kweli kutoka sekunde moja hadi elfu. Aangalie sifongo nyeusi iliyo kwenye mifereji ya mgongo na ile inayopokea kioo kirukapo: kwa umri na joto huyeyuka ikawa kama lami, mwanga ukapenya na filamu ikaungua. Hubadilishwa kwa kitambaa cheusi chembamba na gundi, kazi ya mchana mmoja. Lenzi aitazame kwa tochi kutoka nyuma. Akiona nyuzi kama za buibui ndani ya kioo, huo ni ukungu ulioota kwa unyevu wa masika, na asiinunue hata akipunguziwa. Akisha kuipata iliyo njema, aiweke mahali pakavu penye hewa, mbali na vumbi la barabara, wala asiirudishe ndani ya mfuko wa ngozi, kwa maana huo ndio unaotunza unyevu.